Toleo la Kwanza Ulilonificha

Mtani wangu Maganga,

Mtu akiandika barua husema yeye hajambo, hofu ni kwa yule anayeandikiwa. Safari hii imekuwa kinyume. Wewe umetulia zako, hofu yote imebaki huku kwangu, na aliyeniletea ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo salamu sikupi. Zikipatikana utaletewa.

Wiki ya tatu hii tangu tukuzike Kimamba. Duka nimelifungua. Mashine inatoa kopi, walimu wanaleta mitihani yao, madereva wa malori wanaingia na makaratasi wakitaka kuhudumiwa kabla hata hawajasalimia. Mikumi ni ile ile. Kile kiti ulichokuwa ukikikalia nyuma ya kaunta bila kukaribishwa nimekitoa nje, na sasa anakikalia mama anayeuza mahindi ya kuchemsha. Watu wamedhani nimekitoa kwa majonzi. Nimekitoa kwa hasira.

Nina hasira na wewe, Maganga. Nalisema mapema usije ukafikiri hii ni barua ya kumpamba marehemu. Wa kukupamba walikuwepo wengi pale msibani, na padri wenu alikusifu mpaka nikageuka kutazama kama jeneza ni la mtu mwingine.

Unakumbuka siku ya kwanza ulivyoingia dukani? Ulikuja na bango la kinyozi ulilolichora, ukataka likopiwe. Ukaniuliza kwetu wapi. Nikakujibu Ruhembe, sisi Wasagara. Ukapiga kaunta kofi. "Kumbe mjakazi wangu! Babu zangu Wanyamwezi walipita kwenu na mizigo kichwani, mkawanyima maji!" Nikakuambia mpagazi haingii kwa mlango wa mbele. Ukazunguka kaunta, ukakaa kwenye kiti changu, ukaomba chai. Tangu siku hiyo hukunikera hata mara moja, si kwa sababu hukusema ya kukera, bali kwa sababu mtani hakasirikiwi. Ndivyo tulivyolelewa. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako na wewe ukamwongezea nyama kwenye sahani.

Ila siku ile ya masika umeme ulipokatika, mimi niliuweka utani pembeni. Nilikuambia kwa kinywa changu, "Mtani, sasa hivi sitanii." Ukavua kofia. Uliniuliza kwa nini siendi Ruhembe, na Ruhembe si mbali, na shamba la baba lipo pale mpaka leo linalimwa na watu baki. Nikakueleza jambo ambalo sikuwa nimemweleza mume wangu alipokuwa hai, wala shehe, wala mama.

Naliandika tena hapa, japo unalijua. Nataka ulisome kwa mwandiko wangu, maana kwa mwandiko wako nimeshalisoma.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa na mguu mmoja mbovu tangu alipokuwa mkata miwa, hivyo kazi ya kupanda dunguni kulinda mahindi ilikuwa yangu. Nilikaa juu na debe na kipande cha chuma, yeye akawa chini anapalilia. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Tembo walitokea upande wa kichaka, watatu, kimya kabisa, na baba alikuwa katikati ya shamba. Mimi ndiye niliyekuwa na debe. Nilichotakiwa ni kulipiga tu. Badala yake nikashuka ngazi, nikakimbia kuelekea kijijini, na debe nikaliacha likining'inia mkononi kama ndoo ya maji. Nyuma yangu baba akaita, "Zaina, usiniache. Zaina, piga debe." Nilimsikia. Nilimsikia vizuri, na nikaongeza mbio.

Watu walipouliza, nikasema baba kanituma niwaite. Mama alipokuja analia, nikamwambia baba kasema, "Mwambie mama yako asiogope." Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Mama akayashika. Miaka yote hii, kila hitma ya baba, mama anawahadithia wageni kwamba marehemu alipoona kifo alimwokoa mtoto kwanza, halafu akamtumia yeye salamu. Majirani wanatikisa vichwa na kusema, huyo ndiye mume. Na mimi nagawa pilau.

Nilipomaliza kukuambia, hukusema neno la kitabuni. Ulisema, "Hili limeingia shimoni, mtani. Nimefukia." Nikakuamini. Umeme ukarudi, tukaendelea na kazi.

Miezi michache baadaye ukaanza kuchora vitabu vya katuni vya shujaa wako Hakimbii.

Sasa nikuambie ukweli ambao nilikuwa nakuambia kwa kicheko: nilimchukia yule shujaa. Toka toleo la pili mpaka la mwisho nimemtoa kopi mimi, nimembana pini mimi, na sikuwahi kumsoma zaidi ya maneno mawili matatu karatasi zikitoka. Kifua kama kabati. Anasimama katikati ya barabara kuu, lori linakuja, lori linakunjamana, yeye hata shati halijachomoka. Toleo zima hatoki mahali. Nilikuambia shujaa asiyejua kukimbia atakufa siku ya kwanza akikutana na nyuki. Ulicheka mpaka ukakohoa. Vijana wa bodaboda wakampenda sana. Kimamba walibandika picha yake kwenye madigadi ya pikipiki zao. Mimi nilimwona mpumbavu mwenye misuli, na nilijiuliza mtu mwenye akili kama yako anapata faida gani kumchora.

Nilikuuliza mara nyingi toleo la kwanza liko wapi. Ukasema ulilichapa Morogoro kwa sababu mashine yangu haikolezi nyeusi. Halafu ukasema limeisha. Halafu ukasema utanitafutia. Na siku moja, mbele ya wateja, ukasema, "Mtani, Hakimbii ni wewe. Nimekuchora." Nikakujibu, "Mimi nina kifua kile?" Duka zima likacheka, na wewe ukacheka, ila ukatangulia kunyamaza. Mara ya pili ulisema, "Mjakazi wangu, nimekutoa kitabuni, siku ukijiona usinishtaki." Nikakurushia kifutio.

Kosa hilo nalibeba mimi. Mtu mwingine yeyote angeniambia vile ningemshika shati nimuulize ana maana gani. Lakini wewe ulikuwa mtani, na neno la mtani huingia sikio hili likatokea lile. Ulijua. Ulikiri dhambi yako mahali ambapo ulijua haitasikika, ukaondoka umejisafisha. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami nilidhani wanazungumzia watoto. Utani tuliachiwa ili watu waambiane ukweli bila kuumizana. Wewe uliufanya uchochoro wa kupitia.

Halafu ukaanguka kwa presha pale Kimamba, asubuhi, unapakia vitabu kwenye baiskeli, na mimi nikaitwa kama mtani.

Nilifanya kazi yangu yote. Wafiwa hulia, mtani haruhusiwi. Nilivaa ile kofia yako na shati lako lenye madoa ya wino, nikatembea kwa mwendo wako wa kuyumba, nikawaomba waombolezaji chai. Walipolibeba jeneza nilikaa njiani nikawazuia. Nikapaza sauti, "Hakimbii! Umejisifu miaka yote hukimbii, leo unakwenda wapi mbio hivyo?" Mkeo Rozi alicheka huku machozi yanamtoka, akanishika mkono, akasema, "Mtani, Mungu akuweke, nilikuwa nashindwa kupumua." Nilijisikia nimekutendea haki.

Na kwa kuwa mtani ana haki ya kuondoka na kitu cha marehemu, nikaingia chumbani kwako nikabeba lile sanduku la bati. Nilitangaza kwa sauti, "Hili nachukua, mpagazi wangu hana tena mzigo wa kubeba." Kawaida wafiwa humwomba mtani akirudishe. Rozi alisema, "Kaa nalo, mtani. Mimi siwezi kulifungua."

Nililifungua dukani, mchana, kati ya mteja na mteja. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, lilikuwepo toleo la kwanza.

Sikiliza kilichonitokea, maana hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Nilisoma nikitafuta cha kucheka. Ukurasa wa kwanza nikakuta hakuna kifua. Kuna mtoto mwembamba wa kiume juu ya dungu, miguu inaning'inia, anatafuna muwa. Baba yake yuko chini anapalilia. Ukurasa wa pili mtoto anasinzia, ananusurika kudondoka, baba anajifanya hajaona. Nikacheka, kicheko cha kweli. Ukurasa wa tatu hukuchora kitu isipokuwa mguu wa tembo mmoja, umejaza karatasi nzima, na mtoto kwenye kona, mdogo kama punje. Nikasahau kwamba ni wewe uliyechora. Nikasahau kwamba huyu ndiye atakayekuja kuwa yule kabati. Nilimpenda, Maganga. Moyo wangu ulimwendea mtoto yule, na nikasema kwa sauti, peke yangu dukani, "Kimbia, mwanangu. Shuka ukimbie."

Nikafunua. Alikuwa ameshuka. Alikuwa anakimbia, na debe linaning'inia mkononi. Nyuma yake umeandika, kwa zile herufi zako nene: USINIACHE. PIGA DEBE.

Nilifunga mlango wa duka saa saba mchana. Sikuwahi kufunga saa hiyo tangu nianze biashara.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hukubadili chochote zaidi ya kunifanya mwanamume. Hata salamu za mama zimo. Umemchora amekaa mkekani, kichwa kwenye magoti, na mtoto amesimama mbele yake anasema baba kasema usiogope. Uso wa mtoto umeuacha mtupu, bila macho wala mdomo. Ulijuaje kwamba ndivyo nilivyojisikia? Mimi sikukuambia hilo. Ulinitazama ukaniona mpaka ndani, kisha ukaenda kunichapa Morogoro. Kama ungenichora vibaya ningekutukana na ningepona. Umenichora vizuri, na hapo ndipo uliponiumiza.

Na ukurasa wa mwisho mtoto anarudi shambani peke yake. Anasimama pale baba yake alipoanguka, na debe lake, na tembo wanakuja, na yeye hatoki, na tembo wanapita pembeni. Ndipo wanapompa jina la Hakimbii. Mimi sikurudi. Unajua sikurudi. Ulimpa yeye nilichoshindwa mimi, bila kuniuliza kama nakitaka.

Ningeweza kulichoma lile toleo, nikaendelea na maisha. Nilishawasha kiberiti, sikufichi. Lakini siku ya pili yake akaja mama mmoja wa Ruhembe kutoa kopi ya kitambulisho, akaona kitabu kwenye kaunta. Akasema, "Hiki si cha yule mchoraji aliyefariki? Mjomba wangu anacho hiki cha kwanza. Wazee kule wanasema hii ni habari ya Mzee Rajabu, yule aliyeuawa na tembo. Wanabishana. Eti mtoto hakutumwa." Halafu akanitazama, akauliza kama mimi ni wa huko huko. Nikamwambia kopi yake tayari.

Basi nikaelewa. Mama yangu yuko nyumbani kwangu, macho yake yana ukungu, masikio yake ni mazima kabisa. Wiki ijayo au mwezi ujao mtu atakuja kusalimia, shikamoo, marahaba, na kabla chai haijapoa atamwambia. Mama angevuliwa nguo yake ya miaka yote na mtu wa njiani, na mimi nikiwa naye nyumba moja. Hilo ulinifanyia wewe. Ulikufa ukaniachia nilimalize peke yangu.

Nilimkalisha uani baada ya sala ya alasiri. Nilimwambia, mama, nina kitabu cha marehemu Maganga, nataka nikusomee. Akafurahi, maana alikupenda, ulikuwa unamwita mke wako mbele za watu na kumwulizia mahari. Nikasoma. Nilipofika pale kwenye kelele za baba nakiri nilitaka kuruka. Nilikuwa nimeshatunga maneno mengine kichwani. Kazi hiyo naijua tangu utotoni. Lakini nikasoma yaliyoandikwa. Nikasoma na ule ukurasa wa mkeka. Kisha nikamwambia mtoto huyo si wa kiume.

Mama hakulia. Alishika pindo la kanga yake. Halafu akauliza swali moja tu. "Na salamu zangu?"

Nikamwambia, "Nilizitunga mimi, mama."

Akasema, "Niitie mjomba wako."

Mjomba akaja kesho yake na bodaboda, akamchukua mpaka kwake Malolo. Mama hakunitukana. Alinipa mkono kama anavyompa mgeni, akaniambia jiko lina maharage yanayotakiwa kugeuzwa. Siku tisa sikusikia sauti yake. Katika siku hizo tisa nilikujua kuliko nilivyokujua ulipokuwa hai, maana mimi nawe tumefanya kitu kimoja. Wewe ulichukua maneno yangu ukawapa watu. Mimi nilimpa mama maneno ambayo hayakuwepo, akayalalia na kuamka nayo. Ila usifurahi. Kufanana kwetu hakukufanyi uwe na haki.

Hakimbii simchukii tena. Nimerudi nikamsoma toleo kwa toleo, yote niliyoyatoa kopi bila kuyatazama. Anaposimama mbele ya lori sasa naona anavyotetemeka magoti. Umeyachora, yanatetemeka kila toleo, vistari viwili vidogo kila goti, na mimi nilidhani ni uchafu wa kioo cha mashine. Nilikuwa nakifuta kwa spiriti. Ni mtoto mwenye hofu aliyevalishwa kifua. Yeye nimemsamehe. Hata yule msichana aliyekimbia nimeanza kumsemesha. Wewe ndiye umebaki nje.

Rozi amekuja jana kuniomba nichape toleo la kwanza kwa ajili ya arobaini yako, kila atakayekuja apate nakala. Hajui lolote. Nimemkubalia. Nitalichapa kwa mashine yangu, nyeusi ikolee isikolee, na mwishoni nitaandika kwamba binti wa Mzee Rajabu yupo, anaitwa Zaina, ana duka Mikumi, mwenye swali aje amuulize. Watu wa Ruhembe wasibishane tena. Siku hiyo ya arobaini nitakuja Kimamba, lakini sitavaa kofia yako wala kuiga mwendo wako. Nitakaa na wanawake wanaolia, nami nilie. Watani wengine wapo, watachekesha wao.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi simu ya mjomba imeita. Nikapokea, nikasema shikamoo, nikijua ni mjomba. Ikaitika sauti ya mama. Akaniuliza kama kile kitabu bado ninacho. Nikamwambia ninacho. Akasema, "Niletee. Unisomee tena pale baba yako anapoita."

Nikainuka kukichukua kitabu. Akadhani simu imekatika, akaita jina langu mara mbili. Kisha akasema, "Usisome haraka kama siku ile. Nataka uite kama alivyoita yeye. Sijamsikia mume wangu siku nyingi."

Natoka kesho na gari la kwanza kwenda Malolo. Hadithi uliichukua, Maganga, na michoro ni yako, na jina ni lako, na wilaya yetu nzima ya Kilosa imeisoma. Lakini karatasi haikuwahi kuisikia ile sauti. Mtu aliye hai anayejua baba alivyolitamka jina langu jioni ile, lilipopanda na lilipokatika, ni mimi peke yangu. Nakuahidi nitamwitia mama kwa sauti ya mume wake mpaka aseme basi.

Kukusamehe usiniharakishe. Kwaheri, mtani. Lala.

Zaina
Mikumi